Nilizijua homoni kwa kuzikosa

Watu wengi husikia homoni, yaani kemikali za mwili zinazobeba amri kupitia damu, zikitajwa pale msichana anapoota chunusi, au mama wa makamo anapoamka usiku ameloa jasho. Mimi nilizijua kwa kuzikosa, moja baada ya nyingine, kisha kwa kurudishiwa kidogo kidogo kwa vidonge. Kila iliyorudi ilinionyesha kazi yake. Nawaandikia hasa akina mama, maana kuna maswali mawili ambayo laiti ningaliulizwa mapema, nisingalipotelewa na miaka yote ile.

Ni fundi cherehani, mzaliwa wa Bondeni hapa Nakuru, na nimeolewa na mtu wa Mumias. Binti yetu alizaliwa salama, akalia kwa nguvu. Kondo la nyuma lilipotoka, damu haikukoma. Nilikuwa nimeshadungwa oksitosini pajani, ile sindano anayopewa mzazi mtoto akishatoka, ili mji wa mimba ujikaze na kuibana mishipa inayovuja. Oksitosini yenyewe ni homoni. Ubongo wa mama huitengeneza, na ni hiyo hiyo inayouongezea nguvu uchungu wa kuzaa. Mara nyingi sindano hiyo huzuia damu. Kwangu haikutosha. Presha ilishuka hadi nikazimia. Wauguzi walinikanda tumbo, wakanitundikia maji, wakaniongezea damu ya watu nisiowajua, na Mungu akanibakisha. Nilipozinduka nilidhani mambo yamekwisha.

Maziwa hayakutoka.

Mamangu alinipikia uji wa pilipili manga. Jirani yetu Mkikuyu alileta sufuria ya njahi, kwa kuwa kwao mzazi halali bila njahi. Wifi yangu alifunga safari kutoka Mumias na unga wa wimbi. Nilikula vyote. Matiti yalibaki laini kama hayakujua kwamba kuna mtoto, na mtoto alinyonya akilia. Walioniona walisema nina wasiwasi, nitulie. Nikatulia, na bado hayakutoka. Tukanunua ya kopo.

Leo naweza kueleza. Nyuma ya pua, chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa, kuna tezi iitwayo pituitari. Upana wake ni kama sentimita moja, uzito wake nusu gramu hivi. Sehemu yake ya mbele ndiyo hutoa prolaktini, homoni inayoyaamuru matiti kutengeneza maziwa. Wakati wa ujauzito prolaktini hupanda sana, ila homoni za kondo la nyuma huyazuia maziwa yasifurike kabla ya wakati. Kondo likitoka, kizuizi kinaondoka, na siku chache baadaye maziwa yanakuja. Kila mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, prolaktini zaidi humwagwa kwenye damu, na oksitosini huyasukuma maziwa nje. Uji na njahi vinamlisha mama, na ni vyema apewe. Lakini pasipo prolaktini hakuna chakula kitakachojaza titi.

Kwa nini yangu ilikosekana? Ujauzito huifanya pituitari inenepe, kwa sababu chembe zake za prolaktini zinaongezeka. Damu inayoifikia sehemu ya mbele haitoki moja kwa moja kwenye ateri kubwa. Hupita kwanza haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake, ikachukua ujumbe wa huko, ndipo ishuke kwenye tezi kwa msukumo mdogo. Tezi imekua, inataka damu nyingi, na msukumo ni mdogo. Presha ya mama ikianguka ghafla, tezi hiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukosa damu, na chembe zake hufa. Daktari Harold Sheehan, aliyekuwa akichunguza miili ya kina mama waliofariki huko Glasgow, Uskoti, alilieleza jambo hili kwa kina mwaka 1937, na ugonjwa ukachukua jina lake. Katika nchi zenye huduma nzuri za uzazi umekuwa adimu. Kwetu, ambako mama bado anaweza kutokwa damu akingojea gari, upo.

Arubaini ilipita. Hedhi haikurudi. Kwa mama anayenyonyesha hilo ni la kawaida, ila mimi sikuwa nanyonyesha. Nywele za kwapani zilipukutika na hazikuota tena. Nakuru usiku ina baridi yake, lakini mimi nilianza kuvaa sweta mbili saa saba mchana, jua likiwaka. Sauti ikawa nzito, ngozi ikakauka, choo kikawa shida. Nilikuwa nashona magauni ya harusi hadi usiku wa manane, sasa kushona leso moja upindo kulinitoa jasho la udhaifu. Na rangi yangu ikafifia. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtaani walisema natumia krimu za kujichubua. Wengine walisema nimetupiwa jambo. Mama mkwe, Mungu amlipe, hakusema lolote katika hayo. Aliniambia tu, "Mwanangu, wewe ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa."

Huko kufifia kwa rangi nako kuna maelezo, na kulikuwa dalili kubwa kuliko zote kwa mtu anayejua kuiangalia. Juu ya kila figo kuna tezi ya adreno, inayotengeneza kortisoli. Pituitari huiamuru kwa homoni iitwayo ACTH, na ACTH, pamoja na ndugu zake wanaotoka chanzo kimoja, huipa ngozi weusi wake. Adreno zenyewe zikiharibika, kama Thomas Addison alivyoeleza London mwaka 1855, pituitari hupiga kelele, ACTH hujaa, na mgonjwa huwa mweusi kuliko alivyozaliwa, hata ndani ya mdomo na kwenye mistari ya viganja. Pituitari ikifa, ACTH haipo, na rangi hufifia. Magonjwa mawili yanayolegeza mwili namna moja, ngozi ikasema tofauti.

Nilitafuta tiba. Niliambiwa nina upungufu wa damu, nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Niliambiwa ni mawazo. Mahali fulani walishuku tezi ya shingo, yaani thairoidi, na huo ulikuwa ushuku wa maana, kwa sababu baridi, choo kigumu, sauti nzito na ngozi kavu vyote ni dalili zake. Wakapima TSH, homoni ya pituitari inayoiamuru thairoidi. Majibu yakaja ya kawaida, nikaambiwa shingo yangu ni nzima. Kweli ilikuwa nzima. Tatizo halikuwa pale.

Mpwa wangu, wakati huo akisomea kazi ya maabara katika chuo cha tiba cha KMTC Nakuru, ndiye aliyekuja kunichorea mambo haya nyuma ya karatasi ya kukatia nguo, baada ya ugonjwa kujulikana, na mchoro huo bado ninao. Haipothalamasi hutuma ujumbe kwa pituitari. Pituitari hutuma TSH kwa thairoidi. Thairoidi hutoa thairoksini, ambayo maabara huiita T4, nayo husambaa mwili mzima ikiuambia kila kiungo kifanye kazi kwa kasi gani. Thairoksini ikitosha, yenyewe hurudi juu na kuituliza pituitari. Ikipungua, pituitari hupandisha TSH. Kwa hiyo thairoidi ikiugua, TSH huwa juu sana, na kwa wagonjwa walio wengi kipimo hicho kimoja kinatosha.

Fikiria shamba la maua kule Naivasha, wafanyakazi wako getini na mikono yao mizima, lakini nyapara wa kuwaita amekufa. Ukisikiliza kama nyapara anapiga kelele, kimya. Ukienda kukagua wafanyakazi, hawana ugonjwa. Maua ndiyo hayavunwi. Thairoidi yangu, adreno zangu, ovari zangu, yaani vifuko vya mayai, zote zilikuwa nzima zikingoja kuitwa. Thairoksini ikiwa chini, TSH ya "kawaida" si ya kawaida tena, ilipaswa kuwa juu. Hilo linaonekana tu mtu akipima T4 pamoja nayo.

Binti alikuwa ameanza PP1, darasa la chekechea, nilipoanguka. Niliharisha na kutapika, jambo ambalo watu wa nyumba nzima walipata na wakapona kwa siku mbili. Mimi nilishindwa kuinuka, presha ikawa haipatikani vizuri, na damu ilipopimwa sodiamu, yaani chumvi ya damu, ilikuwa chini mno. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa maneno. Alinitazama usoni, akanitazama viganjani, kisha akaketi kitandani pangu akauliza: "Ulipojifungua, ulitokwa na damu nyingi? Na maziwa yalitoka?"

Hayo ndiyo maswali mawili. Nililia kabla sijajibu.

Alichukua damu ya kupima kortisoli, kisha hakungoja majibu, akanidunga hydrocortisone, yaani kortisoli ya sindano, papo hapo. Kortisoli ni homoni ambayo mtu haiwazii kamwe ilhali inamshikilia hai. Huifanya mishipa ya damu ijikaze ili presha isianguke, huliamuru ini litoe sukari mtu anapokuwa na njaa, na huzuia mwili usijilimbikizie maji hadi chumvi ya damu izimuke. Hupanda alfajiri kabla hujaamka, hushuka usiku wa manane. Ukipata homa, ukivunjika mguu, ukifanyiwa upasuaji, mwili wenye afya huiongeza mara kadhaa. Wangu haukuweza kuongeza chochote, ndiyo maana kuharisha kwa kawaida nusura kuniue. Kwa ugonjwa wa pituitari, angalau, homoni nyingine ya adreno, aldosteroni, hubaki, kwa sababu hiyo huamriwa na figo. Nadhani ndiyo iliyoniweka hai miaka yote ile.

Kesho yake nilikula. Naandika neno hilo na bado linanishangaza. Nilikaa kitandani nikaomba chapati.

Majibu yalirudi na kortisoli ya asubuhi iko chini sana, T4 chini, homoni za ovari chini, prolaktini haionekani. Chama chetu cha mafundi kilichangia pesa za MRI, picha ya ndani ya kichwa. Kile kishimo cha mfupa kilionekana karibu kitupu, kimejaa majimaji, na tezi iliyobaki ni ukingo mwembamba tu. Sehemu ya nyuma ya pituitari, inayohifadhi oksitosini na homoni ya kuzuia mkojo, ina ateri zake, na kwangu ilisalimika kama ilivyo kwa wengi.

Sasa sikilizeni jambo hili, wenye dalili kama zangu. Jirani mmoja anayemeza levothyroxine, yaani thairoksini ya vidonge, alikuwa ameniona nikitetemeka na baridi, akataka kunigawia vidonge vyake. Nilimshukuru nikakataa, kwa kuwa situmii dawa ya mtu. Daktari aliposikia alishika kifua. Thairoksini huharakisha kila kitu mwilini, pamoja na kuivunjavunja kortisoli. Mtu mwenye kortisoli kidogo akimezeshwa thairoksini kwanza, ile akiba ndogo humalizika na anaweza kufa. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kortisoli kwanza, thairoksini baadaye. Mimi hupewa prednisolone asubuhi, dawa inayoshika nafasi ya kortisoli, kwa sababu ndiyo rahisi kupatikana kwenye kemisti zetu na bei yake iko chini. Levothyroxine ilifuata baada ya siku kadhaa.

Tofauti ya homoni hizi mbili niliisikia mwilini. Kortisoli ilikuja kwa saa. Thairoksini ilikuja kwa wiki, kwani hukaa kwenye damu muda mrefu, nusu yake ikichukua takribani siku 7 kuondoka, na ukibadilisha dozi unangoja wiki 6 hadi 8 kabla ya kupima tena. Sweta moja ikatoka, kisha ya pili. Mume wangu alinisikia nikiita mtoto nje akadhani ni mgeni, sauti yangu ya zamani ilikuwa imerudi. Kidonge hicho hutaka tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali nacho kwa saa 4. Kwa mtu wa Bondeni kuamka na kuingoja chai ya maziwa ni mtihani, lakini chai ingekizuia kisifyonzwe.

Kisha estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari. Hapa watu walinichoka, nami niliwachoka. "Una mtoto mmoja, mbona unameza dawa za kupanga uzazi?" Vidonge nilivyopewa vinafanana na vya kupanga uzazi, ndiyo, vina estrojeni na projestini. Mwanamke wa umri wangu asiye na estrojeni mifupa yake huwa myepesi kabla ya wakati, kwa hiyo nitavimeza hadi karibu miaka 50. Baada ya kuvianza ilibidi thairoksini iongezwe kidogo, kwa kuwa estrojeni ya vidonge huongeza protini zinazoikamata thairoksini kwenye damu, na ile iliyo huru kufanya kazi hupungua. Hakuna homoni inayoguswa peke yake. Ukiinua moja, nyingine inasogea.

Habari ya mtoto wa pili tumeizungumza, mimi na mume wangu. Ovari zangu zinaweza kuamshwa kwa sindano za homoni zinazofanya kazi ya pituitari, na wapo wanawake wenye ugonjwa huu waliozaa tena. Gharama yake hatuiwezi. Nililia, nimeacha kulia. Homoni ya ukuaji nayo, ambayo hata mtu mzima huihitaji kwa nguvu za misuli, sijarudishiwa, kwa sababu hiyo hiyo ya fedha.

Desemba moja tulikwenda Mumias. Huko malaria iko mwaka mzima, na ilinipata. Nilikuwa nimefundishwa: homa ikipanda, dozi ya prednisolone maradufu kwa siku mbili au tatu, kisha unarudi dozi yako. Niliongeza. Usiku nikatapika kidonge, nikameza kingine, nikatapika tena. Ukifika hapo vidonge havina maana, ni sindano. Mume wangu aliamsha mtu wa boda boda, tukaenda kituo cha afya, mimi katikati yao nikishikwa nisianguke. Kijana wa zamu alitaka kuanza na malaria, na ni haki yake, malaria ilikuwepo. Mume wangu alimwekea mezani kadi ninayotembea nayo, imeandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba mwili wangu hautengenezi kortisoli, nikitapika au nikizimia nidungwe hydrocortisone miligramu 100 na kutundikiwa maji ya chumvi. Kijana aliisoma mara moja, akainuka, akadunga. Malaria ilitibiwa baada ya hapo. Nilimwombea dua na bado namwombea.

Ramadhani sifungi. Imamu wetu na daktari walikubaliana bila ubishi: ugonjwa huu hauponi, na kukaa bila maji siku nzima kunaweza kuniangusha. Ninalisha maskini mmoja kwa kila siku. Mwanzoni nilijificha nikinywa maji, sasa sijifichi.

Wateja wangu ni wanawake, na kwenye cherehani watu huzungumza. Nikisikia mtu alitokwa na damu nyingi akijifungua, nauliza kuhusu maziwa na kuhusu hedhi. Wengi walinyonyesha vizuri, na kunyonyesha ni dalili kubwa kwamba pituitari imesalimika. Mmoja hakuwa amenyonyesha na alikuwa akivaa sweta kama mimi. Nilimsindikiza mwenyewe, nikamwandikia kwenye karatasi aombe kortisoli ya asubuhi na T4 huru, si TSH pekee.

Maana hilo la TSH bado linanifuata. Juzi kliniki nilimkuta daktari kijana, mgeni kwenye faili langu. Aliona TSH iko chini kabisa, akasema nazidishiwa thairoksini, akaandika dozi ipunguzwe. Nilimwomba ageuze ukurasa asome ugonjwa wenyewe. Kwangu TSH haiwezi kupanda inavyopaswa, hata nikinyimwa kidonge mwaka mzima, kwa hiyo haiwezi kumwambia lolote kuhusu dozi. Kinachotazamwa ni T4 huru, iwe kwenye nusu ya juu ya kiwango cha kawaida. Alisoma kimya. Kisha akafuta alichoandika, akaomba T4 huru, akainua simu kumwita mwenzake wa chumba cha pili aje naye asikie.